Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti: Dawa Tunazo, Chakula Je?

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Machochwe kuhusu chakula cha wenzetu wanaoishi na VVU. Leo silalamikii dawa. Serikali ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004, na kidonge kimoja cha kila siku chenye dolutegravir kimewarudisha shambani watu ambao ndugu zao walikuwa wameshakata tamaa. Naomba sasa tutazame chungu kilichoko jikoni kwao.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba mtu mzima mwenye VVU, hata akiwa haumwi, anahitaji chakula cha kutia nguvu kwa asilimia 10 zaidi ya mwenzake asiye na VVU. Akiugua, mahitaji hupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Ghala likikauka, mlo wa jioni katika nyumba nyingi za huku ni ugali wa muhogo na mlenda wa maji na chumvi. Tumbo linajaa, lakini protini ni haba mno. Mama wa nyumba hiyo akiambiwa kliniki ale nyama, mayai na matunda, ataitikia kwa adabu, atachukua dawa zake, kisha atarudi kwenye muhogo uleule.

Ushauri unaomfaa upo hapahapa kwetu. Atwange karanga azitie kwenye mlenda. Akinunua dagaa sokoni, awasage, kijiko kimoja kiingie kwenye uji wa ulezi wa mtoto. Majani ya kunde ayapike yakiwepo, mengine ayakaushe kwa ajili ya kiangazi. Maziwa, ambayo wafugaji wa Mara tunayapenda, yachemshwe kwanza, maana mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela, na mwenye kinga dhaifu hana nguvu za kupambana na ugonjwa wa pili.

Mjamzito naomba aangaliwe kwa makini zaidi. Anapewa ARV, anapewa na vidonge vya kuongeza damu. Akivimeza pamoja tumbo likiwa tupu, madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu huzuia dolutegravir isiingie mwilini inavyopaswa. Akivimeza pamoja na chakula, hakuna shida. Kwake yeye, kukosa mlo ni kupunguza nguvu ya dawa. Asiye na chakula asubuhi aelekezwe kumeza ARV saa mbili kabla ya vidonge vya damu, au saa sita baada yake.

Halafu kuna tembo. Sisi ni majirani wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na usiku mmoja unatosha kumaliza mahindi ya kulisha familia miezi kadhaa. Kanuni za wanyamapori za mwaka 2011 zilitambua kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na madai hupita kwenye halmashauri kabla ya kufika Wizara ya Maliasili na Utalii. Fomu hizo zishughulikiwe haraka. Mgonjwa aliyepoteza shamba hawezi kuliahirisha tumbo hadi mwaka wa fedha ujao.

Ninaloomba ni hili: afisa lishe na afisa ugani wafike pamoja siku ya kliniki, wakiwa na mbegu za mchicha na kunde, na chungu cha kupikia mbele ya watu. Wapange kufika hasa kabla ya miezi ya njaa, kwa kuwa aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi mitatu au hata sita, na akishaondoka harudi kliniki mapema. Mafunzo hayo yawe ya wote waliofika kituoni siku hiyo, na mbegu hizo, au hata kuku wa kufuga, zitolewe kupitia vikundi vya kijiji vilivyo wazi kwa kila kaya. Ukiweka foleni ya wenye VVU peke yao, wengi watakaa nyumbani na njaa yao kuliko kuonwa na jirani.

Bajeti ya mwaka ujao ikianza kuandaliwa, tunaomba kazi hii iwe na kifungu chake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Machochwe