MAONI YETU: Tusiweke Kiingilio Kwenye Maonyesho

Ndugu wanachama,

Tangu kamati ya maonyesho ibandike hapa ukutani pendekezo la kutoza kila mgeni, mkubwa kwa mdogo, kiingilio cha shilingi 500, maneno hayajaisha nje ya ghala la kahawa. Wako wanaounga mkono, wako wanaopinga, na wako wanaoitikia "hewala" mbele ya Mwenyekiti, kisha wakifika kilabuni wanasema mengine. Suala hili litaamuliwa na mkutano mkuu, ambao ndio wenye neno la mwisho katika ushirika. Gazeti hili limeona litoe maoni yake mapema na waziwazi.

Kwanza tuitendee haki kamati. Wazo hili halikutokana na tamaa. Maonyesho ya kazi za mikono yana gharama: turubai la kukodi, mlinzi wa usiku, choo, maji. Mwaka jana fedha hizo zilitoka katika mfuko wa ushirika. Maana yake zililipwa hata na mkulima wa kahawa ambaye hakuuza hata ungo mmoja. Mkulima huyo anauliza: nitawabeba mpaka lini? Ana haki ya kuuliza. Gharama lazima zilipwe. Tunachobishania ni nani azilipe.

Wanaotaka kiingilio wanatutolea mifano miwili. Wa kwanza ni Sabasaba. Wanasema: "Mbona Dar es Salaam watu wanalipa mlangoni, na uwanja unajaa?" Ni kweli wanalipa. Lakini jamani, Sabasaba ni maonyesho ya kimataifa. Yana makampuni ya nchi nyingi, na mtu akishalipa anaweza kushinda humo kutwa nzima na watoto wake. Sisi tuna meza ishirini na kitu za vikapu, mikeka, vyungu, mipini na majembe ya wahunzi wetu. Nusu saa umezunguka zote. Tusijipime kwa kanzu ya mtu mwingine.

Mfano wa pili ni wa hapa hapa nyumbani, nao ni mzito zaidi: Kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi. Jiwe lile la chuma lilianguka kutoka angani, lina urefu wa kama mita 3, na wageni wanatoka mbali kuja kulitazama. Mgeni analipa, na sisi hatuoni ubaya. Lakini Kimondo hakiuzwi! Hakuna anayekwenda Ndolezi ili aondoke nacho begani. Kukiona ndiyo shughuli yenyewe, na mtu akishakiona amepata alichokifuata. Kikapu cha mama si hivyo. Biashara ya kikapu ni mtu akibebe aende nacho kwake. Ukimtoza kwa kukitazama, umekula fedha ya kikapu kabla mwenye kikapu hajafungua kinywa.

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mama anatoka Vwawa na watoto watatu. Mlangoni ni shilingi 2,000. Mwiko wetu tunauza 1,500. Kwa hiyo mwiko ameulipia mlangoni, ila hajaupata, na fundi wa mwiko hajapata kitu. Mlango umeshiba, meza ina njaa.

Tukumbuke pia tulipo. Tuko kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Dereva wa lori anayengoja foleni ya mpakani hushuka kujinyoosha. Akiona mikeka imetandazwa atasogea. Akiona kamba na mtu wa tiketi atarudi kwenye lori lake alale. Na ndugu zetu wa Nakonde wanaokuja na kwacha mkononi, tutawatoza kwa fedha ipi, na chenji tutawapa ya wapi?

Wengine wanasema: "Lakini wako wanaokuja kutazama tu, hawanunui." Ndiyo, wako, na hata sokoni wako. Chungu hakinunuliwi kwa haraka. Kinageuzwa, kinagongwa kwa kidole, kinasikilizwa mlio wake. Anayetazama leo ndiye anayerudi kesho na jirani yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hawakusema kinajiuza nyuma ya kamba. Pale Mwenge, Dar es Salaam, wachonga vinyago hawamtozi mtu kwa kuingia. Wanamkaribisha atazame, halafu bei ndiyo inazungumzwa.

Sasa, kulaumu bila kutoa njia ni kazi rahisi. Sisi tunapendekeza hivi. Mlango uwe wazi. Kila muuzaji alipe shilingi 10 katika kila 100 alizouza, na alipe baada ya kuuza, si kabla. Asiyeuza asidaiwe. Tusitoze meza mapema, maana bibi mfinyanzi ambaye hana fedha leo ndiye tunayemtaka zaidi katika maonyesho.

Mtasema watu wataficha mauzo. Basi ziwepo meza mbili za mhazini: mnunuzi alipe hapo, apewe stakabadhi, akachukue mzigo wake. Jioni kila muuzaji apokee chake kwa sahihi au dole gumba. Kahawa tunaiuza kwa stakabadhi, kwa nini tushindwe na vikapu? Kisha hesabu yote ya mapato na matumizi ibandikwe hapa hapa ukutani, kila mtu aisome. Na ikiwa makato hayo hayatatosha kulipia turubai, tujue kwamba maonyesho yetu ni makubwa kuliko mauzo yetu, tuyapunguze. Tusimtume mgeni akatuzibie pengo hilo.

Ndugu wanachama, tunawaomba mje kwenye mkutano mkuu, na hasa akina mama wasusi na wafinyanzi. Msikae nyuma na kunong'ona. Vikapu ni vyenu na jasho ni lenu. Msipozungumza ninyi, watazungumza wasiojua hata ukindu unalowekwa siku ngapi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aje kwanza.

Mhariri