Pikapu Juu, Bajeti Chini

Mwezi huu tuweke pembeni maua na kadi, tuongelee kitu kinachowanunisha wapenzi wengi kimyakimya: gari ya mwenzako. Hasa kama makazi yenu ni Pemba na gari yenyewe ni pikapu.

Anayeijua Pemba anajua kuwa siyo kisiwa cha tambarare. Ni kilima, bonde, kilima tena. Barabara kuu inayopita Mkoani, Chake Chake na Wete haina neno, lakini ukikata kona kuingia mashambani unakutana na njia zilizochimbwa na maji. Masika, Machi mpaka Mei, bampa linalima kama jembe. Halafu nusu ya pili ya mwaka karafuu zinachumwa na pikapu ndiyo ya kubeba magunia. Kwa hiyo mumeo akisema anataka kuinua gari mbele, usimcheke haraka haraka kwamba anataka kuuza sura. Na mkeo akiuliza hela inatoka wapi, usinune. Wote mna hoja.

Anzeni na swali la bure: ni nini hasa kinachogusa chini? Ingia uvunguni, gari ikiwa imezimwa na imefungwa breki sehemu ya tambarare, utafute makwaruzo. Kama yako kwenye bampa na bamba la chini ya injini, kuinua mbele kutasaidia. Kama yako kwenye difu ya nyuma, basi jamani, hata uinue mbele kiasi gani, difu itabaki pale pale, maana inakaa kwenye ekseli. Dawa yake ni tairi kubwa zaidi, na hapo napo tairi iliyozidi sentimita 4 kwa kipenyo inakupa sentimita 2 tu.

Sasa jua gari yako imebebwa na nini. Hilux 4WD nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Mitsubishi L200 za wakati huo na Isuzu D-Max za mwanzo zina toshenba mbele: vyuma viwili virefu vinavyojisokota badala ya springi. Hapa mwenye bajeti ndogo ana bahati, kwa sababu kila chuma kina bolti ya kurekebishia urefu. Huna haja ya kununua kifaa chochote cha kuinulia. Fundi anapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, anaandika. Ananyanyua gari kwa jeki na kuikalisha kwenye stendi imara, magurudumu yakining'inia, kisha anakaza bolti kidogo kidogo huku akihesabu mizunguko. Akishusha, gari iendeshwe mbele na nyuma ili ikae sawa, ndipo apime tena.

Lakini msikilize vizuri fundi anayekwambia, "Tia mpaka mwisho, bwana." Sentimita 2 au 3 zinatosha. Watu husema chuma kikikazwa kinakuwa kigumu, ndiyo maana gari inaruka. Kumbe ugumu wa chuma haubadiliki. Kinachopungua ni nafasi ya gurudumu kushuka linapoingia shimoni, kwa hiyo linagonga mwisho wake kwa kishindo. Boljointi zinachoka, jointi za ekseli za mbele zinafanya kazi zimepinda, mipira yake inachanika. Ulichookoa leo unakilipa kwenye spea kesho.

Kama gari yako ni Hilux ya kuanzia 2005 hivi, mbele ina springi za koili pamoja na shokapu. Njia ya bei nafuu ni spesa ya chuma au plastiki ngumu inayokaa juu ya springi. Isiwe kipande cha mbao wala mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Na springi ya koili isifunguliwe bila kifaa cha kuibana. Ikifyatuka inaweza kuua mtu. Hii siyo kazi ya Jumapili nyumbani na mashemeji.

Baada ya kuinua, kuna bili nyingine ambayo mafundi wengi hawaitaji mapema: alaimenti. Mbele ikipanda, pembe za magurudumu zinabadilika, tairi zinalika upande mmoja na usukani unavuta. Mipira ya breki nayo ikaguliwe isije ikavutika usukani unapokatwa mpaka mwisho. Na taa zishushwe. Pikapu kiwandani huwa imeinama mbele kidogo kwa makusudi, ili ikibeba mzigo ikae sawa. Ukiiinua mbele halafu ukapakia magunia nyuma, taa zinamulika minazi na kumpofua anayekuja kwenye kona.

Turudi kwenu nyinyi wawili. Kaeni na kalamu, muandike jumla yote: ufundi, alaimenti, na spea zilizochoka. Bushi na boljointi zilizolegea zitangulie, hata kama hazionekani kwenye picha. Toshenba au springi ya zamani huwa imelegea, kwa hiyo gari kurudi urefu wake wa kiwandani tu kunaweza kumaliza ugomvi wenu na mashimo. Kubalianeni kiwango, na kikifika, simameni hapo. Anayelipa zaidi asijifanye ndiye mwenye gari peke yake, kwa sababu njiani mnakaa wote kwenye kiti kimoja, na mara nyingi mtoto yuko katikati.

Mwenzi anayekwambia "inua, lakini boljointi kwanza" hakuvunji moyo. Anataka ufike nyumbani. Na wewe unayetaka gari ipande, mweleze ni wapi inakwama na kwa nini, siyo "wewe hujui magari." Hela ya ndani ya nyumba ikizungumzwa mapema, haiwi siri, na siri ndiyo inayolegeza ndoa kuliko shimo lolote la njia ya shamba.

Haya, tukutane mwezi ujao. Endesheni salama.