Mgeni wa Karagwe asiondoke na fedha zake mfukoni

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mgeni ameanza kuja, lakini mwenyeji bado hajapona.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Lami kutoka Kyaka hadi Bugene imerahisisha safari ya kutoka Bukoba, na wapo wanaoingia kutoka Uganda kupitia Murongo. Mbali na wanyama, historia ipo tele. Bweranyange ndiko yalikokuwa makao ya watawala wa Karagwe, na ni Mtawala Rumanyika aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, kisha Stanley mwaka 1876. Stanley alifika pia kwenye maji moto ya Mtagata, ambayo hadi leo watu huyaendea kuoga wakitafuta nafuu ya maradhi.

Swali ni hili: mgeni akishaona hayo, jioni anafanya nini, na asubuhi ananunua nini? Mara nyingi jibu ni soda, kitanda na mafuta ya gari. Hifadhi imepata kiingilio, gesti imepata pesa ya chumba, mkulima hakupata kitu.

Huko Uholanzi upo mji mkongwe wa Gouda. Alhamisi asubuhi, katika miezi ya joto, soko la jibini hufanyika uwanjani mbele ya jengo la halmashauri lililojengwa karne ya 15. Wauzaji na wanunuzi hupatana bei kwa kupigana viganja, kama walivyofanya mababu zao. Wageni hufurika kutazama, na wakishatazama hununua. Jibini hilo lilipata jina la mji kwa sababu wakulima wa vijiji vya jirani walilipeleka kuuzia hapo.

Karagwe na Kyerwa wana kahawa, lakini kahawa ya Kagera imezoeleka nje kwa jina la Bukoba. Mgeni anapita katikati ya mibuni, anafika hotelini anawekewa kopo la kahawa ya unga mezani. Hii ni aibu ya kibiashara.

Hakuna haja ya kusubiri mfadhili. Mkulima mwenye kibanja kizuri anaweza kumtembeza mgeni kwa saa mbili: amwonyeshe migomba na mibuni iliyochanganywa, amkaange buni kwenye chungu, amwonjeshe kahawa ya kutafuna ambayo wenyeji humkaribisha nayo mgeni. Kikundi cha akina mama kinaweza kupika matoke na maharage, na kuuza mikeka, vikapu, asali na, msimu wake ukifika, senene. Jioni Kayanga au Nkwenda haikosi muziki wa spika, lakini huo mgeni anao kwao. Anachotaka ni ngoma ya Wanyambo, hadithi za Rumanyika kutoka kwa wazee, na rubisi safi katika kibuyu.

Yapo masharti. Usafi wa maji na vyombo usifanyiwe mzaha, maana mgeni mmoja akiugua habari husambaa. Bei ibandikwe, asitozwe mgeni mara tatu ya mwenyeji. Gongo isiwekwe mezani, ni haramu kisheria. Na atakayetaka kukaanga na kufungasha kahawa ya kuuza apitie chama chake cha msingi na kufuata taratibu za Bodi ya Kahawa, asije akaonekana mlanguzi.

Wapo watakaosema wageni ni wachache. Ni kweli, na kwa sababu hiyo kila mmoja asiachwe aondoke mikono mitupu. Mkulima wa hapa anaumizwa na butura: ada ya shule inamkuta mibuni ikiwa kwenye maua, anauza mavuno kwa bei ya kutupa kabla hayajaiva. Familia inayopata vijisenti kwa mgeni mmoja au wawili kwa mwezi ina pa kushika wakati huo, na kahawa yake inabaki yake hadi msimu.

Halmashauri hizi mbili zianze na jambo dogo: kibao cha kuelekeza Bweranyange na Mtagata, na siku moja ya soko Omurushaka yenye sehemu ya bidhaa za wageni. Yaliyobaki wakulima na wafanyabiashara wanayaweza.