KUTU YA MUKULU: TUTENGENEZE AO TUUZISHE?



Sisi makapita wa mwaka wa mwisho tuliombwa kuandika juu ya usafi wa mabweni. Neno lile litangoja. Juma lililopita tulilala chini ya motokari ya masomo, taa mukononi, na mambo tuliyoyaona kule hatuwezi kuyanyamazia.

Kila mtu anamfahamu Mukulu. Ni Land Rover 110 iliyofika hapa Kolwezi mwaka 2009 kutoka Ubelgiji, na hata siku ile haikuwa kijana. Njo inaleta unga wa bukari wa interna, njo inapeleka wagonjwa hospitali usiku, njo inabeba kwaya mpaka Musonoi na Kapata. Mwishoni mwa mwaka inapeleka wafinalisti kwenye mtihani wa Serikali. Mara mbili ao tatu kwa mwaka inaenda Lubumbashi, zaidi ya kilometa 300, katikati ya malori ya shaba na matanki ya asidi.

Basi fundi alichukua nyundo ndogo, akaanza kupiga shasi toka mbele kwenda nyuma. Mbele chuma kililia ngii, kama kengele. Katikati, ngii. Alipofika nyuma, karibu na tanki ya mazuti, kilisema pu. Akarudia: pu. Kiisha akachukua turnevisi, akaisukuma bila nguvu, ikaingia mpaka kwenye mpini. Kwa lile tundu kulitoka udongo mwekundu na magamba ya kutu, yakamwangukia mmoja wetu machoni. Baba Shofere alinyamaza kwanza. Kiisha akasema: “Miye naendeshaka hii motokari miaka kumi na moja, sikuwazaka kama iko hivi.”

Na sisi hatukuwaza. Tunaiosha kila siku ya posho, inang'aa, hakuna tone la kutu mlangoni. Hapa tunaomba mutuvumilie kidogo, kwa sababu mwalimu wetu wa fizika alitueleza jambo hili na tukaliona kuwa zuri sana.

Mwili wa Land Rover kwa sehemu kubwa si chuma, ni aluminiamu. Wakati waliitoa mara ya kwanza kule Uingereza, mwaka 1948, vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na chuma kilikuwa kinagawanywa kwa kipimo, lakini aluminiamu ilikuwa nyingi. Basi wakavisha aluminiamu juu ya shasi ya chuma, na desturi ile ikaendelea miaka mingi. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Kwa hiyo motokari inaweza kuonekana nzima juu, huku mifupa yake inaoza chini. Pahali tu aluminiamu inagusana na chuma, na maji yakiingia katikati, utaona unga mweupe: pale aluminiamu yenyewe inaliwa. Nendeni muangalie chini ya milango ya Mukulu, unga ule uko.

Na kutu haingoji kitu kikubwa. Inataka chuma, maji na hewa, basi. Chumvi inaiharakisha. Kule Ubelgiji, wakati wa baridi kali, wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inaruka mpaka ndani ya shasi. Mukulu alikuja nayo. Sisi tukaongeza matope yetu: toka mwezi wa kumi mpaka wa ine mvula inanyesha, udongo unaingia kwa matundu ya shasi, unakaa humo kama kitambaa kibichi, na hata kiangazi hauishi kukauka. Shasi ile ni kama sanduku refu, na bati lake lina milimita 2 hivi. Inaliwa toka ndani. Wakati unaona tundu inje, ndani imekwisha zamani.

(Neno la pembeni. Chuma wanakikinga kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyuka: zinki inakubali kuliwa ya kwanza, chuma kinapona. Zinki ile iko kwetu. Kipushi ilianza kuchimbwa mwaka 1924, ikasimama 1993, ikaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Hata hapa Kolwezi zamani kulikuwa kiwanda cha zinki. Lakini Mukulu alikuja kwetu bila hata gramu moja ya zinki kwenye shasi.)

Sasa, maneno yanayosemwa katika baraza ni matatu.

Wa kwanza wanasema: tungoje. Imetembea miaka yote hii, itatembea mpaka mwisho wa mwaka. Hawa tunawajibu kwa ufupi. Wale watakaopanda nyuma siku ya mtihani ni sisi. Mwezi wa pili 2019, kwenye barabara hii ya Lubumbashi, lori la asidi lilipinduka, na watu karibu 20 walikufa. Barabara ile haimhurumii hata mwenye motokari mupya.

Wa pili wanasema: tupake rangi, tuuzishe upesi. Wanasema, mwenye kununua ana macho, aangalie mwenyewe. Tulisikia hata jina la mutu mmoja anayeitaka kwa kubebea wachimbaji. Wachimbaji wanapanda watu ishirini pamoja na mifuko! Tutasimama kwenye ibada ya asubuhi na kuimba, huku tunajua kama shasi itavunjika chini yao kwenye kilima fulani? Kama ni kuuzisha, tuuzishe, lakini nyundo ipigwe mbele ya mununuzi, turnevisi iingizwe mbele yake, na bei iwe ile ya kitu kilichooza. Wakati tulisema hivi katika mkutano wa makapita, mmoja alijibu: “Basi hakuna mutu atanunua.” Ndiyo hivyo, ndugu. Umejijibu mwenyewe.

Wa tatu ni wenye hekima kidogo, na kwa hao njo tunakaa zaidi. Wanasema: tuweke bati juu ya tundu, fundi asudire, kazi ya nusu siku, dolari 60. Hatukatai kusudire. Tunakataa kusudire ya namna ile, kwa sababu ilifanyika tayari. Miaka miwili iliyopita garaji moja, ambayo hatuitaji, iliweka bati juu ya kutu, ikajaza mastiki, ikapaka rangi nyeusi, na masomo yakalipa. Lile bati tuliliona juma lililopita. Lenyewe ni zima kabisa, ila limeshikamana na kitu ambacho hakiko tena. Fundi alilivuta kwa vidole viwili. Moto wa kusudire unataka chuma kizima kila upande; ukisudire kwenye kutu, unafunga maji ndani na kuyapa pahali pa kulala.

Kazi ya kweli ni hii, vile fundi alitueleza. Kutosha tanki ya mazuti, maana iko pale pale penye kuoza, na kufungua waya za betri. Kuosha shasi ndani kwa maji ya nguvu mpaka udongo wote utoke, na kuiacha ikauke siku kadhaa. Kukata, kukata, mpaka kufika kwenye chuma kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa na litatutisha. Kubadilisha chuma cha kukingama cha nyuma kizima. Kusudire kwa vipande vifupi, upande huu na upande ule, ili moto usipinde shasi. Kuacha wazi matundu ya chini ya kutokea maji, ambayo wenye haraka wanayazibaka. Kiisha rangi ya kuzuia kutu, na ndani mafuta mazito. Juma mbili, dolari 600.

Mzazi mmoja aliuliza: juu ya nini kutia dolari 600 katika motokari ya zamani hivi? Swali hili si la mchezo. Tulienda kuuliza bei ya ingine ya kufanana, wakatuambia 8,500, na hakuna mutu aliyetuacha tupige shasi yake kwa nyundo. Mukulu mota yake ni nzuri, giaboksi ilitengenezwa mwaka jana, na kila fundi wa Manika anaifahamu. Lakini tunasema wazi, mapenzi yetu kwake yana mwisho. Fundi akiisha kuosha na kukata, aangalie pia mbele, upande wa kushoto, pahali boksi ya usukani imefungiwa. Juma lile hakuweza kupafikia vizuri, matope yalikuwa mengi. Akikuta pale napo pamekufa, kazi isimame siku ile ile. Motokari ikatwe, mota iuzishwe kama mota, magurudumu kama magurudumu, na mabaki ya makuta yarudi. Tutaenda mtihani kwa kukodi basi. Kutengeneza nyuma ya motokari ambayo usukani wake utang'oka ni kupoteza dolari na watu pamoja.

Inabaki neno la makuta. Komite ya wazazi iko na dolari 380. Feti ya wafinalisti, ambayo tumeichangia toka mwezi wa kenda, iko na 240. Mwenye kujua hesabu ameisha kuelewa.

Hatukupatana kirahisi. Wenzetu wengine walilia kabisa, kwa sababu nguo zilikuwa zimechaguliwa, na wakasema: sisi tunatoka mwezi wa saba, Mukulu akitengenezwa atabeba badogo, si sisi. Ni kweli. Tulipiga kura mara mbili. Mara ya kwanza tulishindwa. Mara ya pili dada mmoja, ambaye mwaka jana alipelekwa hospitali saa nane za usiku, mvua ikinyesha, alisimama akasema tu: “Ningetembea kwa miguu?” Akakaa. Kura zikawa 31 kwa 14.

Basi tunaomba mambo matatu kwa Bwana Prefe na kwa komite. Kazi ianze mwezi wa tano, mvula ikiisha kukatika, si mbele. Mpaka siku ile Mukulu asibebe mutu nyuma, abebe unga peke yake, na asivuke daraja la Lualaba. Na wanafunzi wawili wa sehemu ya mekanike wakae kwa fundi juma zote mbili, waangalie kila kipande kabla ya rangi kupakwa.

Dolari 240 ziko katika bahasha kwa kapita wa interna, zimehesabiwa mbele ya mashahidi watatu. Kama fundi atakubali 600 bila kuongeza, 20 zitakazobaki tunaziomba zirudi kwetu. Zitatosha sukre moja moja kwa wafinalisti wote, na tutazinywea pale garajini.

Makapita wa mwaka wa mwisho