Nafaka, Ukame na Chembe za Nano

Mkulima wa Dodoma aonapo majani ya mahindi yake yamejikunja saa sita mchana, hahitaji kuelezwa maana ya ukame. Haja yake ni kujua la kufanya kabla msimu haujampita. Miaka hii wanasayansi wa nchi mbalimbali wanamwandalia jibu jipya, nalo ni chembe za nano. Yafaa jibu hilo lipimwe kwa makini kabla halijafika dukani.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe za nano kwa kawaida huwa na upana wa nanomita 1 hadi 100. Nguvu yake hutokana na udogo huo. Mchemraba wenye pande za sentimita 1 una eneo la nje la sentimita za mraba 6. Ukigawanywa kuwa vimchemraba vya nanomita 10, jumla ya eneo hilo hufikia mita za mraba 600, yaani kiwanja cha mita 20 kwa 30. Uso ukipanuka hivyo, kemia nayo hupata mahali pengi pa kutendekea.

Udongo ukikauka, mmea hufunga stomata, vile vitundu vya majani, ili usipoteze maji. Kwa kufanya hivyo huzuia pia hewa ya ukaa isiingie. Mwanga nao huendelea kulipiga jani, na nishati iliyokosa kazi huzalisha aina za oksijeni ziharibuzo utando wa seli. Chembe za oksaidi ya seriamu zina uwezo wa kuzivunja aina hizo. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, walieleza kuwa mtama uliopatwa na ukame, uliponyunyiziwa chembe hizo, ulitoa nafaka nyingi kuliko ule ulionyunyiziwa maji matupu.

Matokeo hayo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, chembe hizo haziongezi hata tone moja la maji ardhini. Kazi yake ni kupunguza madhara ya kiu. Tena, majaribio mengi ya aina hii hufanywa katika vyungu, ambamo maji hupimwa. Shambani kuna upepo, magugu, wadudu na mvua isiyo na ratiba. Isitoshe, seriamu si chakula cha mmea, na kinachodondokea udongoni hukutana na vijidudu vinavyoulisha udongo huo.

Jambo kubwa zaidi ni ulinganisho. Maji matupu yanafaa kwa maabara, lakini mkulima ana njia nyingine mkononi: matuta ya kukinga maji, matandazo, samadi, na mtama au uwele mahali pa mahindi. Dawa mpya ilinganishwe na hizo, shamba kwa shamba, misimu kadhaa, na bei yake ihesabiwe. Ikishinda, ipokelewe kwa mikono miwili. Kabla ya hapo, wahenga wamekwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwalimu wa sayansi anaweza kuanza leo na matuta mawili ya mtama, moja lenye matandazo na jingine bila. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza “kuliko nini?” hatadanganywa na tangazo lolote la biashara, wala hatakataa jambo jema kwa sababu tu ni geni.