Gorogoro Si Kilo, Tuache Kudanganyana

Wasee, hii itawauma wengine lakini lazima isemwe.

Hapa Kendu Bay omena inauzwa kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Na kwa sababu ulikuja na kilo mbili za mafuta, watu wanaamini chochote ukitia ndani ni kilo mbili. Wapi! Gorogoro inapima ujazo, yaani nafasi. Kilo inapima masi, yaani kile kitu chenyewe ni kingi kiasi gani. Gawanya masi kwa ujazo, unapata densiti. Tulifunzwa hii shuleni, tukaikariri, tukapita mtihani, halafu tukifika soko tunaiacha nje.

Angalia. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya mafuta ya kupikia ni kama gramu 920, ndiyo maana mafuta huelea juu ya maji. Lita moja ya mchanga mkavu inapita kilo moja na nusu. Hata ndoo ya maji ya Simbi Nyaima ni nzito kidogo kuliko ndoo hiyo hiyo ya maji ya Ziwa Victoria, kwa sababu Simbi ina chumvi na magadi. Chombo ni kimoja, uzito ni tofauti.

Sasa rudi kwa omena. Omena kavu kwa mkebe imeacha mapengo, na mapengo ni hewa. Ukiimwaga polepole, mkebe unajaa haraka. Ukiutikisa, omena inashuka. Ukigonga kitako cha mkebe kiingie ndani, ujazo unapungua na bei inabaki pale pale. Mama anayenunua ya kulisha watoto ameuziwa hewa, na anasema asante.

Kuna wale watasema, "Basi tuuze kwa mizani, mambo yaishe." Pole pole. Omena iliyoanikwa kwa mchanga inabeba mchanga. Ambayo haijakauka inabeba maji. Ukiipima kwa kilo peke yake, umelipia ufuo na ziwa.

Ndiyo maana nasema tunataka zote mbili: mkebe na mizani. Pima gorogoro moja ya omena safi, kavu, ambayo unaijua. Andika uzito wake. Ukikuta gorogoro nyingine ni nyepesi sana, kuna hewa au kitako kimegongwa. Ikiwa nzito kupita kiasi, uliza kuhusu mchanga na maji. Kudanganya kipimo kimoja ni rahisi. Kudanganya viwili kwa pamoja ni kazi.

Na msinigeuzie maneno ati nawachukia kina mama wa omena. Wao pia huumia. Wananunua kwa ndoo ikiwa mbichi, maji yanakauka, uzito unapotea, na hakuna anayewarudishia hiyo tofauti. Mizani ya wazi ufuoni itawalinda kabla ya kumlinda mteja.

Kenya ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513. Kwa hivyo tusiambiwe hili ni jambo dogo la sokoni. Kaunti iweke mizani iliyokaguliwa kila ufuo na kila soko la samaki, mahali kila mtu anaona. Na wewe uliyepata A ya fizikia, acha kuficha hiyo A kabatini. Nenda nayo soko.