Bei ya ploti na kodi ya halali
Madalali wa Nairobi hupenda kumwambia mnunuzi wa ploti ya vyumba kumi kwamba akishashika hati atapandisha kodi apendavyo. Si kweli kwa kila ploti. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inazilinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi: huko, kodi haipandishwi kiholela, kumfurusha mpangaji sharti kupitie baraza la kodi, na ploti kuuzwa hakumwondolei mpangaji kinga hiyo. Wapo watakaosema sheria imechakaa, maana chumba cha maana mjini kilishapita kiwango hicho zamani. Kweli, na hapo ndipo ilipo kasoro yake: chumba cha 2,600 kiko huru, cha 2,400 kimefungwa. Lakini vyumba vya mabati vyenye choo cha pamoja, ambavyo ndivyo mwenye mtaji mdogo humudu kununua, baadhi bado vimo chini ya sheria hiyo. Wengine hulalamika kuwa udhibiti unamwonea mwekezaji. Unamwonea asiyeuliza, aliyeuliza hudai bei ishuke, na hasara humrudia muuzaji. Kabla ya kulipa, dai vitabu vya risiti za kodi, si makadirio ya dalali.